Mgeni Asiyepewa Jembe

Bernadine Hudak hakuwahi kusema kuwa watu wa parokia ya ng'ambo ya mto walimpokea vibaya. Walimpokea vizuri mno, na hapo ndipo penye shida.

Askofu alikuwa amelifunga kanisa dogo la wahamiaji wa Kislovaki upande wake wa mto, lile alimobatizwa na alimomlilia marehemu mumewe. Paa lilivuja, mapadri walipungua, na vijana walihama tangu kiwanda cha chuma kizimwe. Waumini wakaambiwa wavuke daraja. Wengi hawakuvuka. Bernadine alivuka, na mguu wake mbovu, kwa sababu ambayo hakumficha mtu: hana mtoto, hana ndugu aliyebaki, na aliogopa kuzikwa na watu wasiomjua. Kule kwao wanawake wa jikoni ndio waliozikana. Ukikunja nao pirohi za viazi kila Kwaresima, siku yako ikifika wanajaza viti vya mbele, wanalia kwa sauti, kisha wanakwenda kupika, na wakipika wanakusengenya kidogo. Bernadine aliyataka hata hayo masengenyo.

Jumapili ya kwanza alimkuta mlangoni Peggy Dunleavy, mwanamke mnene, mcheshi, mkuu wa jiko la parokia. Peggy alimbandika kifuani ua la karatasi wanalobandikwa wageni. Watu wakampigia makofi. Baada ya misa akapewa kahawa na donati, akakalishwa kwenye meza ya wageni yenye kitambaa cheupe. Jumapili iliyofuata, vivyo hivyo. Mwaka ukakatika, na ua bado liko kifuani.

Kwaresima ikaingia. Ijumaa nyama hailiwi, kwa hiyo jiko la chini ya kanisa huuza samaki wa kukaanga na pirohi, unga unaokunjwa juu ya viazi na jibini, ukabanwa kingo, ukachemshwa. Padri akatangaza kwamba mikono haitoshi. Bernadine akashuka jikoni mapema na aproni yake.

"Mama, huku unafanya nini?" Peggy akashangaa.

"Nimekuja kukunja."

"Thubutu! Mgeni wetu wewe. Kaa, nikuletee sahani."

"Mgeni gani wa mwaka mzima, Peggy? Mimi hata choo chenu kikigoma najua pa kukipiga."

Wanawake wakaangua kicheko. Walizunguka meza ndefu, kila mmoja kwenye kiti chake cha miaka nenda miaka rudi.

"Viti vimejaa, mwenzangu," akasema Noreen, mwembamba wa miwani. "Hapa mtu hatoki ila kwa jeneza."

"Basi mmoja wenu afanye haraka."

Wakacheka zaidi, na Peggy akamshika kiwiko akamrudisha kwenye kitambaa cheupe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wako wanaoliona neno hilo la uchoyo. Hao hawajawahi kunyimwa jembe.

Majira ya baridi yaliyofuata, Rita Malloy wa meza ile ndefu akafariki. Bernadine alikwenda kumzika, akalia kwa dhati, na katikati ya kilio likampitia wazo kwamba kiti kimoja sasa ki wazi. Aliona haya, lakini wazo halikuondoka.

Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima akazishuka tena ngazi za jikoni. Kiti cha Rita kilikuwa wazi kweli. Juu yake walikuwa wameweka picha yake ndani ya fremu, na aproni yake wameifunga kwenye egemeo.

"Hapo ni pa Rita," Noreen akasema kwa upole.

"Rita amekufa, Noreen."

"Ndiyo. Lakini ni pake."

"Basi nitakunja nimesimama."

"Na mguu huo? Mungu atatulaani!" Peggy akasema, na machozi yakamlenga. Yalikuwa machozi ya huruma hasa, si ya unafiki, na hayo ndiyo yaliyomkata Bernadine maini. Laiti wangemfukuza, angalau angepata wa kugombana naye.

Akakalishwa. Sahani ikaja imefurika siagi na vitunguu. Pirohi zilikuwa zimefumuka kingo, viazi vimetoka nje. Akazila zote, akasema asante.

Jumatatu akampigia simu Paul Kovalik, mwenye nyumba ya kuandalia mazishi, ambaye alikwisha kupanga naye mambo yake ya mwisho. Akamwambia aifute misa ya mazishi. Akifa, apelekwe makaburini moja kwa moja.

"Bila misa, Bi Hudak? Wewe?"

"Bila misa."

"Lakini si una parokia ng'ambo kule? Wale watu ni wema sana."

"Wema, tena sana. Mimi nitakuwa nimelala pale mbele, na wao wako mlangoni wanaulizana huyu alikuwa nani. Nizike tu, Paul."