Faili Lisilopungua Ukurasa

Walimu walimwita Kufuli, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa masijala ya shule, chumba chenye makabati manne ya chuma, dirisha lisilofunguka, na kiti cha mgeni alichokiondoa makusudi ili mtu asikae akapiga soga. Funguo alizivaa shingoni. Mumewe, mtu wa maneno mengi, alishakata tamaa ya kumchokonoa. Alisema afadhali aulize ukuta.

Siku moja alikuja mama mmoja aliyejipamba, mwanawe amechumbia, akitaka kujua kama huyo mchumba alipokuwa shuleni alikuwa na tabia.

"Tabia kila mtu anayo," Kufuli akamwambia.

"Mwanangu, mimi nitakuwa mkwe wake. Si mtu baki."

"Basi kamuulize mwenyewe."

Mama akaondoka akisonya. Kufuli akacheka peke yake hadi saa ya chai.

Sasa sikiliza jinsi mtu mwaminifu kama huyo anavyoweza kumharibia mtoto wa watu maisha. Kulikuwa na msichana wa miaka kumi na minne, mama yake amefungwa. Shule nzima ilijua, na shule nzima ilimlipisha yeye: kalamu ikipotea, begi lake ndilo la kwanza kupekuliwa. Mama yake mdogo, fundi cherehani aliyekuwa akimlea, akamtafutia nafasi katika shule ya upande wa pili wa mji, ambako hakuna aliyemjua. Akaja masijala kuomba uhamisho.

"Dada, naomba kitu kimoja tu. Lile la mama yake lisiende. Mtoto anataka kuanza upya, basi."

"Ondoa wasiwasi. Bahasha naitia lakiri mwenyewe. Njiani haifunguliwi na mtu."

"Na ikifika?"

"Ikifika imefika kwa wenye kazi yao. Faili langu mimi halipungui ukurasa."

Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake. Makarani wengine walituma alama na kijibarua. Yeye alituma mtoto mzima: magonjwa, adhabu, mpaka maelezo ya mshauri wa wanafunzi. Mama ana kifungo cha miaka saba kwa wizi kazini. Mtoto anakojoa kitandani tangu siku ile. Akagonga mhuri, akaenda nyumbani, akalala usingizi mnono.

Mwalimu wa darasa kule alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio ulioua. Alisoma faili akaingiwa na huruma. Akamtuma msichana chaki, kisha akawasihi wanafunzi wenzake wamchukulie kwa upole, maana mama yake yuko jela na mwenyewe usiku hupata shida ya kitanda. Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, mbele ya watoto arobaini! Msichana aliporudi na chaki walimsogezea kiti. Kesho yake vicheko vikaanza. Siku ya nne alikuta nepi juu ya dawati lake, na siku ya tano hakwenda.

Mama mdogo akarudi masijala. Hakufoka, laiti angefoka.

"Anashinda ndani. Jana kaniuliza, 'Mama mdogo, kwani aliyefungwa ni mimi?' Nikakosa jibu. Haya, nijibie wewe."

Kufuli alipobaki peke yake alishusha jalada la nyaraka kutafuta pa kujitetea, akakuta waraka wa miaka mitatu nyuma: mwanafunzi akihama, zipelekwe alama na mahudhurio, mengine yasitoke bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Ulikuwa umegongwa mhuri wa kupokelewa, umepangwa kwa tarehe, wala haujasomwa. Mhuri ulikuwa wake. Alijichukia kwa chuki ambayo hajapata kumchukia nayo mtu mwingine.

Akaandika barua kuomba maelezo yale ya mshauri yarudishwe. Yakarudi baada ya siku kumi, pamoja na majibu yenye adabu zote: nakala wamebaki nayo, ili kumbukumbu zao ziwe kamili.

Aliipeleka karatasi mwenyewe hadi nyumbani kwa fundi cherehani, ile ile aliyoijaza kwa mkono wake, neno kwa neno kama mshauri alivyomsomea. Mlango ulifunguliwa na msichana. Kufuli akamwomba radhi, akamkabidhi, akamwambia aichane, aichome, afanye atakavyo. Hakuthubutu kuitaja nakala. Msichana aliisoma yote akiwa amesimama pale pale mlangoni, taratibu, hadi chini.

"Huu mwandiko ni wako?"

"Ni wangu, mwanangu."

"Unasomeka vizuri," msichana akasema. "Ndiyo maana mwalimu hakupata shida."

Akaingia ndani, akafunga mlango.