Refa wa Meza Yetu

Nafundisha fizikia katika shule ya wasichana ya kutwa karibu na Kisaju. Mwaka tulioingia mashindano ya roboti, wasichana wangu walijenga yao maabarani baada ya masomo. Ilikuwa gari dogo la kubeba vikombe kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine, bila mtu kuliongoza.

Mashindano yalifanyika Kitengela, katika ukumbi wa shule moja ya kibinafsi. Kila meza ilikuwa na refa wa kujitolea, kijana wa fulana ya kijani. Wetu alitusomea sheria kwa sauti: ukigusa roboti baada ya filimbi ya kuanza, umetoka.

Katika raundi yetu ya kwanza gari liliteleza ukingoni. Nahodha wetu akalidaka lisianguke sakafuni. Filimbi ikalia.

"Umegusa. Mmetoka."

Binti akarudi nyuma amelikumbatia gari kifuani. Nilimwambia ni sawa, sheria ni sheria, na niliamini nilichosema.

Basi kwenye meza ya pili roboti ya shule mwenyeji ikakwama. Kocha wao akapitisha mkono juu ya kamba iliyozungushiwa meza, akaigeuza, akaisukuma. Refa wa meza hiyo alikuwa amesimama palepale. Akacheka. "Coach, fanya haraka basi!" Mchezo ukaendelea.

Nilimwendea. "Kijana, mbona hujapuliza filimbi?"

"Alikuwa anasaidia tu, madam. Ilikuwa imekwama."

"Na yetu ilikuwa inaanguka."

"Hiyo uliza refa wako. Kila meza iko na refa wake."

Refa wetu nilimkuta anakula sambusa. Hata hakusimama. "Madam, sisi tumejitolea. Hakuna mtu anatulipa. Usituharibie siku."

Kujitolea kwao kulikuwa kumegeuka ruhusa ya kuwaonea watoto, halafu tuwashukuru.

Nilimpeleka nahodha wangu kwa jaji mkuu, mama mmoja mwenye sauti ya upole. Kocha wa wenyeji akaja pia, akakana kwamba aligusa chochote. Jaji akauliza kama kuna aliyeona. Msichana aliyevaa sare ya wenyeji akasogea mbele.

"Mimi niliona. Coach aliigusa. Ni roboti yetu."

Jaji akamtazama kwa tabasamu lilelile la upole. "Hakuna mtu amekuuliza. Rudi kwa timu yako."

Mtoto akainamisha kichwa. Kocha akamfuata kwa macho mpaka alipoketi. Nimeona mengi shuleni, lakini sijawahi kuchukizwa na mtu mzima kama nilivyochukizwa na wale wawili.

Wenyeji wakashinda. Kombe likapita mikononi mwa timu nzima, likamruka yule msichana, wakapigwa picha. Sikupiga makofi. Nahodha wangu yeye alivuka ukumbi, akaketi karibu naye, na nilipowaita wasichana wangu tuondoke, wawili hao walikuwa wameinamia gari letu wakibishana kuhusu magurudumu.

Muhula uliofuata mmoja wa waandaaji alinipigia simu, akaniomba nijitolee kuwa refa. "Wewe unajua sheria vizuri, madam."

"Hata nyinyi mnazijua," nikamjibu, na nikakata simu.

Wasichana walitaka kurudi, kwa hiyo mwalimu mwenzangu aliwapeleka. Mimi nilibaki nyumbani. Kuwapigia makofi watu wale nisingeweza.