Usinipishe Jumamosi

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kila ninapoinama kufunga kamba za viatu vyangu vya barafu. Nilikuwa kijana wa umri wako, mwembamba, mwenye haraka, na nilikaribia kuikosa kazi iliyokuja kunilisha nusu ya maisha yangu. Nakusimulia kwa sababu juzi kwenye mazoezi ya mpira wa magongo wa barafuni nilikuona. Nilikuja mbio na kile kisahani cheusi mbele ya fimbo yangu, ukanitazama usoni, ukasogea pembeni, ukanipisha kama unavyonipisha mlangoni nyumbani. Wenzako walidhani nimekuzidi ujanja. Mimi, na magoti haya? Usinichekeshe.

Sisi tulihamia huku ughaibuni, Mount Druitt, kutoka Tanga nikiwa bado mdogo, mama na mimi tu. Mama alipata kazi ya kuhudumia wazee katika makao yao kule Penrith. Siku moja shule ilitupeleka kuteleza kwenye barafu, na wakati wenzangu wanang'ang'ania ukuta, mimi nilishanogewa. Majirani hawakuelewa kabisa. "Mtoto wa Tanga na barafu, wapi na wapi?" walimwuliza mama, naye akawajibu kwamba hata Tanga barafu ipo, wafungue friji waangalie.

Nilikuwa beki tangu mwanzo. Kazi yenyewe unaijua: mshambuliaji anakuja mbio, wewe unarudi kinyumenyume huku unamtazama, na ukifika mahali pako unasimama unamzuia kwa bega na kifua, kwa sababu nyuma yako amebaki kipa peke yake. Kurudi nyuma nilikujua vizuri. Kusimama ndiko kulikonishinda, tena si kwa kila mtu. Ni kwa mtu mmoja tu, jina lake Graham.

Graham alikuwa mshambuliaji mkongwe wa timu yetu, mzungu mwenye mvi na watoto walionizidi umri. Yeye ndiye aliyekuwa akinichukua kwa gari lake pale kituo cha treni cha Seven Hills, na glavu zangu za kwanza za maana zilikuwa za kwake za zamani. Mama alisema mtu kama huyo haitwi jina kavukavu. Basi nikamwita Uncle Graham mbele ya timu nzima. Walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye alikunja sura, kisha akazoea.

Mwaka huo ilibaki nafasi moja tu ya beki katika timu ya wakubwa. Kocha alikuwa na rafiki yake katika klabu ya ng'ambo, huko ambako watu hulipwa mshahara kwa kucheza, akaniambia bila kuzungukazunguka: nikiipata nafasi hii atanipeleka huko, nikiikosa niende nikatafute kazi ya ghalani. Kila jioni ya majaribio alitugawa timu mbili, na kila jioni Graham aliwekwa upande wa pili.

Mwili nao una malezi yake, mwanangu. Mimi nimelelewa nikimsikia mkubwa anakuja, nasogea. Kichwa kilisema simama, miguu ikasema mpishe mzee wa watu. Alikuja, nikasogea, akafunga. Alikuja tena, nikasogea tena, na safari hii kisahani kilimpiga kipa wetu shingoni, kijana mmoja mpole aitwaye Dean. Alipiga magoti pale golini akishindwa kupumua.

Dean alipoinuka, Graham alikuja akafunga breki mbele yangu, chembe za barafu zikanirukia usoni. Unajua nilitegemea nini? Nilitegemea anishukuru.

"You let me through," aliniambia kwa sauti ya chini. "Umenipisha. Unadhani mimi mgonjwa? Au nimeshakufa?"

Akaondoka. Hasira yake ilikuwa ya kweli, kwani jioni hiyo hakunipa lifti. Kocha naye alinikata jicho, akasema kesho ndiyo mwisho, na nikisogea tena nikusanye vitu vyangu.

Nilimkuta mama anapiga pasi sare yake ya kazini. Nikamsimulia yote, hata la Dean, nikalalamika wee, kwamba mimi namheshimu mtu, yeye ananitukana. Mama alinijibu huku anapiga pasi.

"Kazini nina bibi mmoja," alisema. "Vifungo vya sweta yake anafunga mwenyewe. Mikono inamtetemeka, chai inapoa, anafunga tu. Siku ya kwanza mimi nikajitia wema, nikamfungia. Alinipiga kibao cha mkono, mwanangu! Mimi, mtu mzima!"

"But he's old, Mum."

"Sasa nani kakutuma umkumbushe uzee wake? Yeye kaja kucheza. Wewe umeshaamua kwamba kaisha, halafu unaniambia heshima." Aliweka pasi chini, akanitazama. "Na huyo mtoto wa watu aliyepigwa shingo, aliyekutegemea wewe, yeye hana heshima yake?"

La Graham ningeweza kubishana naye. La Dean lilinichoma, kwa sababu nilikuwa nimemwona pale chini akitafuta pumzi, na hata pole sikumpa. Nilikwenda kulala nikijiambia piga ua, kesho sisogei.

Kesho yake Graham alikuja kwa kasi kuliko siku zote, nadhani alikuwa bado ana kinyongo. Nilirudi nyuma nikikitazama kifua chake, nikafika mahali pangu, nikajikaza kisabuni. Miguu ilitaka kusogea, naapa, niliisikia. Nikaikatalia. Bega langu likakutana na kifua chake, akaruka, akatua kwa makalio, fimbo yake ikaenda huko.

Mzee wa watu chini! Nilitaka niiname pale pale nimwinue. Lakini kisahani kilikuwa bado kinacheza miguuni mwangu na Dean alikuwa ananipigia kelele, basi nikakichukua, nikampasia mwenzangu aliyekuwa mbele, ndipo nikageuka.

"Pole, Uncle," nikamwambia nikimpa mkono.

Alikuwa anachuruzika damu mdomoni, na alikuwa anacheka. Jioni ile alinifikisha mpaka mlangoni, na mama akamkaribisha chai na vitumbua. Alipouona mdomo ulivyovimba, alinitazama mimi kwanza, kisha akamwongezea mgeni kitumbua.

Nafasi niliipata, na klabu ya ng'ambo ikanichukua. Nilicheza huko mpaka nywele zikaanza kunitoka. Nikirudi likizo Mount Druitt watu waliniuliza nimefunga magoli mangapi, nikawaambia hakuna, wakanionea huruma. Nimevunjika pua, mbavu na vidole, na sikumpisha mtu tena. Msimu wangu wa mwisho nilijaribu kupanda na kisahani mwenyewe, na beki mmoja, mtoto kabisa, alinigonga nikalala chali. Hakunipunguzia hata kidogo. Nilicheka pale chini peke yangu, kwa furaha kabisa, maana yule mtoto alikuwa ameona mchezaji mbele yake.

Juzi wewe uliona mzee. Niliumia, mwanangu, sikufichi.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Nipishe mlangoni. Nibebee mfuko, niamkie shikamoo, nitaitikia marahaba kwa moyo mweupe. Lakini mahali ulipopewa pa kusimama, simama, hata anayekuja akiwa mtu unayempenda, kwa sababu aliye nyuma yako amekuamini na hana mtu mwingine. Na mkubwa aliyekuja kushindana nawe, mheshimu kwa kushindana naye kwa nguvu zako zote. Hii si ya barafuni peke yake. Utaihitaji kazini, na utaihitaji nyumbani kwako siku moja.

Jumamosi kocha anachagua, na nafasi ni moja kama ilivyokuwa yangu. Nimemwomba aniweke upande wa pili. Nitakuja kwa kasi yote niliyobakiwa nayo. Mungu akupe miguu isiyoyumba na moyo usioogopa mvi, akuhifadhie mifupa yako, na yangu pia asiisahau. Radhi zangu unazo kuanzia sasa. Niangushe, mwanangu. Ukishakitoa kisahani, ndipo uje uniinue.