Tangi la maji la boti yetu linaisha kabla sijarudi

Admin, jina langu lifiche kabisa, mume wangu anafuata page hii. Mimi ni Mkenya, miaka 41. Tunaishi kwenye boti hapa DC, mto Anacostia. Ni boti ndefu na nyembamba, nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Ndiyo nyumba yetu, na ndiyo kazi ya mume wangu. Kukiwa na joto anatembeza watalii, baridi ikiingia anairekebisha na kupaka rangi.

Mimi natunza bibi mzee kule mji wa Falls Church, kazi ya kulala huko huko Jumatatu hadi Ijumaa. Sasa, majira ya baridi mifereji yote ya gatini hufungwa isigande. Unabaki mmoja tu getini, kwa hivyo kila Jumapili mimi na mume wangu tunavuta paipu tunajaza tangi. Likijaa linatutosha sisi wawili wiki nzima, na mimi naoga sana.

Tangu Januari nikirudi Ijumaa nafungua maji, kavu! Mtu mmoja, tena huyu wangu wa kuoga na kikombe, anamalizaje tangi? Nikamuuliza. Akasema, "Linavuja, mama, nitaliangalia." Haki mimi si mjinga. Alipoenda dukani niliinua mbao za sakafu nikapapasa chini ya tangi. Hakuna hata tone, ni vumbi tu. Nikarudisha mbao, lakini roho ilikataa kutulia.

Jumatano iliyopita binti wa yule bibi alikuja kumchukua, nikapata nafasi saa sita mchana. Sikumpigia mume wangu simu. Nilifika gatini nikasikia redio ndani, na jamani, nikajikuta napiga hodi kwangu mwenyewe!

Akatoka mwanamke, wa rika langu, mpole, kashika kitambaa cha vyombo. Akasema, "Karibu dada. Baba ameenda kununua rangi. Ni mambo ya safari? Watalii tunawachukua kuanzia Aprili. Nikuandikie jina?"

Ningemvuta nywele, ningepiga kelele gati lote lisikie. Badala yake nikamtajia jina langu. Akatoa daftari, akauliza, "Mtakuwa wangapi?" Nikasema wawili, mimi na mume wangu. Akaandika, akanitakia siku njema, nikarudi kwa gari nikalia mpaka kichwa kikauma.

Huenda ni ndugu yake, sijui. Lakini ndugu gani anafichwa mke? Ijumaa nilipoingia mume wangu alinipikia chai, akanivua koti, akasema tangi limevuja tena. Nikamwambia pole. Nikimuuliza, huenda nikakosa ndoa na mahali pa kulala siku hiyo hiyo. Nikinyamaza nitapasuka.

Dada zangu, kaka zangu, nisaidieni mawazo. Nimuulize leo, ama ningoje hiyo Aprili nipande na wageni wengine?