Picha ya Mama Kwenye Tangazo

Hoteli niliyokuwa nafanyia kazi mjini Morogoro ilifungwa nikiwa nimeshakaa mapokezi miaka kumi na tisa. Asubuhi tuliitwa kwenye ukumbi wa chakula, tukapewa barua mmoja mmoja, na jioni yake nilikuwa ndani ya Noah ya abiria inayopanda Kinole, kijijini kwetu, bado nimevaa sketi ya sare. Mume tulishaachana zamani. Nilikuwa na mama tu.

Mama hakuuliza kwa nini nimekuja siku ya kazi. Alinipa uji wa mchele, akanitazama nikinywa hadi nusu ya bakuli, ndipo akasema, "Wamekufukuza?"

"Wamefunga, mama. Tumeondoka wote."

"Haya. Umerudi kwenu."

Kwetu Waluguru shamba hupita kwa wanawake. Lile la mama alilipata kwa mama yake, naye alilipata kwa mama yake mwenyewe, na mimi ndiye binti pekee. Kwa hiyo nilipomwambia nataka kujenga nyumba ndogo ya kupangisha watu wanaokuja kupumzika siku mbili tatu, hakukuwa na kikao kirefu. Alichukua panga, akapita nyuma ya nyumba yake hadi pale mteremko unapoanza na bonde lote linaonekana, akalichomeka ardhini. "Hapa," alisema. "Ila midalasini yangu usiiguse."

Nilijenga kwa kiinua mgongo changu. Vyumba viwili, baraza pana, choo cha kukaa, bafu lenye maji ya moto. Fundi alicheka ukubwa wa madirisha, akaniuliza kama nafungua duka. Nilikuwa nimesikiliza malalamiko ya wageni miaka yote ile, nilijua watu wa Dar es Salaam wanapanda milimani kutafuta nini.

Kilichonipa shida ni tangazo. Kwenye mtandao wa kupangisha nyumba, mgeni hakujui wala hajui mji wako. Anaona picha na maneno machache, basi. Nilisubiri asubuhi ambayo ukungu umeondoka kabisa. Nikaanua nguo za mama kwenye kamba, nikaficha tenga la kuku, nikasogeza ndoo. Halafu nikapiga picha nikiwa nimeinamisha simu kidogo, ili nyumba ya mama, iliyo hatua ishirini tu kutoka barazani, isionekane hata ukingo wa bati. Chini yake nikaandika: "Utulivu kamili. Nyumba nzima na mazingira yake ni yako peke yako."

Sikuona kama nadanganya. Hotelini tulifanya hivyohivyo; hatukupiga picha chumba cha mashine za kufulia.

Wageni wa kwanza walinifurahisha. Wa tatu au wa nne walikuwa kijana na msichana kutoka Dar, wapole, wamevaa vizuri. Niliwapokea, nikawaonyesha swichi na bomba, nikaenda kuwachemshia maji ya chai. Niliporudi, mama alikuwa ameshafika barazani na mkungu mdogo wa ndizi mbivu.

"Shikamoo bibi," walisema kwa pamoja.

"Marahaba wanangu. Karibuni. Poleni na barabara." Akaweka ndizi chini, akaketi ukingoni mwa baraza kama aketivyo kwake. "Nyie ni mke na mume?"

Kijana akacheka. Msichana akatazama miguu yake.

"Bado, bibi," kijana akasema. "Tuko njiani."

"Njiani wapi? Mmeshafika na mna vyumba viwili. Mmoja alale huku, mwingine kule."

Nilitamani ardhi inimeze. Walikaa siku mbili, wakaaga kwa heshima, na baada ya siku tatu nikasoma maoni yao: mahali pazuri sana, pasafi, ila mtu anaishi palepale na aliwauliza kama wameoana. Walinipa nyota tatu kati ya tano.

Nilimfuata mama jikoni. Nilimsomea. Alisikiliza huku anapepeta mchele.

"Sasa kosa liko wapi? Si niliwauliza, wakajibu?"

"Mama, wale wamelipia. Hawataki kuulizwa."

"Na watu wa hapa watauliza nini? Watasema binti yangu amefungua gesti ya kuficha watu, na mimi niko nyuma nalinda mlango."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mjini neno gesti lilikuwa la kawaida kwangu, kazi za wenzangu. Pale Kinole, karibu na msikiti ambamo mama amesali tangu utoto wake, lilikuwa neno lingine. Lakini sikumwambia kwamba nimemwelewa. Nilimwambia, kwa sauti niliyokuwa natumia kwa wahudumu wachelewaji, kwamba wageni wakiwepo asipite upande ule.

Akatii. Hilo ndilo lililonisumbua baadaye, jinsi alivyotii. Miezi miwili mizima, gari likiingia tu, aliingia ndani na kurudishia mlango, na kuku wake akawaita kwa upande wa pili.

Mambo yakabadilika kwa mgeni mmoja, mwanamke wa makamo aliyekuja peke yake wakati wa masika. Mvua ilimfungia ndani siku nzima, na ilipokatika alishuka bondeni kutembea. Akamkuta mama anabandua mdalasini. Niliwaona kutoka juu: mama ameketi juu ya gunia, mgeni amechuchumaa mbele yake, vijiti vimelala kati yao. Walikaa saa nyingi. Sijui walizungumza nini, mama hakuniambia. Mgeni yule alipoondoka aliandika maneno mengi mazuri, na karibu yote yalimhusu bibi aliyemfundisha kubandua ganda la mti bila kulipasua.

Nilisoma maneno yale mara nyingi, na akili yangu ya mapokezi ikaanza kufanya kazi. Nyumba zenye mandhari ya milima ziko nyingi. Bibi wa mdalasini alikuwa wangu peke yangu.

Siku chache baadaye nilimkuta mama kwenye kazi ileile. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua, mvuke unapanda kwenye majani, naye ameinama, kisu kimetulia mkononi. Nilimpiga picha mbili. Hakuniona. Jioni nikaiweka moja iwe ya kwanza kabisa kwenye tangazo, mbele ya baraza na bonde, na nikaandika: "Njoo ukae na Bibi wa mdalasini."

Wageni wakaja. Walikuja Ijumaa hadi Jumapili, wakaja hata katikati ya wiki. Nilimwambia mama kwamba sasa anaruhusiwa kupita. Alianza kutoka tena, na wageni walimzunguka, wakamwamkia, wakanunua pilipili manga yake, na kwa muda nilijidanganya kwamba sote tumefaidika.

Halafu likaja kundi la vijana watano, kiangazi kikiwa kimekolea. Walikuwa wachangamfu, hawakuwa na ubaya wowote. Walishuka garini wakiuliza, "Bibi yuko wapi?" na kabla hata ya kuweka mabegi walikuwa mlangoni kwake na simu mikononi.

"Bibi, tubandulie mdalasini."

"Si wakati wake," mama alisema. "Subirini mvua."

"Kidogo tu bibi. Tumetoka mbali."

Mama akanitazama mimi. Ningeweza kulimaliza pale. Badala yake nikasema, "Mama, kijiti kimoja tu."

Kila mtu wa Kinole anajua kwamba mvua zikinyesha maji hupanda mtini na ganda hubanduka lenyewe, kama soksi. Kiangazi ganda hushika mti. Mama alikata tawi, akakaa kwenye gunia, akaanza. Ganda likakatika vipande vipande. Akajaribu upande mwingine, likang'oka na nyuzi za mti. Mikono yake, ambayo sijawahi kuiona ikibahatisha, ilikuwa inababaika mbele ya simu tano.

"Rudia bibi, hapo simu haikukamata vizuri," mmoja alisema.

Alirudia. Alirudia mara ya tatu. Kisha akaweka kisu chini, akaniuliza mimi, kana kwamba wengine hawapo, "Hawa wamenijuaje?"

Nilimwonyesha baadaye, wageni walipokwenda kutembea. Nilimpa simu. Mama haoni vizuri karibu. Aliipeleka mbali, akairudisha, akaipeleka tena. Nilitegemea atasema amependeza, maana kweli picha ilikuwa nzuri.

"Kichwa changu kiko wazi," alisema.

Nikaangalia. Nilikuwa nimeitazama picha ile kila siku kwa miezi, na sikuwa nimeona. Mtandio ulikuwa umemshuka mabegani kwa sababu ya joto na kazi, na nywele zake nyeupe zilikuwa nje, zimesukwa mistari miwili. Mama yangu, ambaye hatoki kwenda hata kwa jirani bila kujifunika.

"Watu wangapi wameona?"

"Wengi, mama."

"Wanaume?"

Alinirudishia simu taratibu, kama mtu anayerudisha chombo cha watu asije akakivunja. Kesho yake alfajiri alifunga nguo zake kwenye kanga, akapanda bodaboda kwenda Mkuyuni kwa dada yake. Mlango wake aliufunga kwa kufuli, jambo ambalo halijawahi kutokea nikiwepo.

Niliifuta picha siku ileile. Lakini picha walizompiga wageni na kuziweka mtandaoni hazikuwa zangu kuzifuta. Niliwaandikia nilioweza kuwapata, nikawaomba waziondoe. Wengine waliziondoa na kuomba radhi, wengine hawakujibu. Zipo mahali hadi leo, na siwezi kufanya kitu. Wakati huo wageni waliendelea kuja, na kila aliyeshuka garini aliuliza, "Bibi yuko wapi?" Nikawa nasema amesafiri. Nilikuwa nimeandika kwamba mazingira yote ni ya mgeni peke yake, na sasa yalikuwa hivyo kweli: hakuna nguo kwenye kamba, hakuna aliyeita kuku. Niliosha mashuka, nikayaanika, nikatandika, na sikutamani kukaa pale hata saa moja zaidi ya kazi yenyewe.

Baada ya wiki tatu nilikwenda Mkuyuni. Niliwakuta mama na mama mkubwa wanachambua kisamvu. Niliwaamkia wote wawili, nikakaa chini mkekani.

"Nimekosa, mama," nilisema. "Nilikupiga picha bila kukuuliza. Halafu nikakutangaza kama kitu cha nyumba."

Mama mkubwa akainuka akaenda ndani, akatuacha. Mama aliendelea na kisamvu.

"Nilipokuzaa," akasema, "wanawake walinijia na maji ya moto na uji. Waliniona mwili wangu wote. Sikuona haya, kwa sababu nilijua nani kaingia. Wale wa kwenye simu yako siwajui, na wao wananijua."

Akachukua shina jingine la kisamvu, kisha akasema, "Hilo tangazo lako, lisome lote. Sijawahi kulisikia."

Nikalisoma palepale, neno kwa neno. Alinikatiza kwenye sentensi ya pili.

"Utulivu kamili? Na jogoo je? Andika jogoo anawika alfajiri."

"Mama, wageni hawata..."

"Andika. Na barabara mbona hujaisema? Mtu akija na kigari kidogo masika atalala njiani. Andika. Andika mvua ni nyingi na mlima unaweza usionekane siku tatu. Hiyo 'nyumba nzima na mazingira yake' ifute. Mazingira ni yangu."

"Niandike nini kuhusu wewe?"

Aliacha kuchambua kisamvu.

"Andika: mwenyeji anaishi hapo. Anaamkiwa. Hapigwi picha."

Niliandika kama alivyosema, na mwisho nikaongeza mwenyewe kwamba mwezi wa Ramadhani nyumba tunaifunga, hatupokei wageni. Picha za nyumba nilizipiga upya, na safari hii nyumba ya mama ipo, na kamba, na tenga. Aliona kila moja kabla sijaiweka. Moja aliikataa kwa sababu ndoo ilikuwa chafu.

Wageni walipungua, sitaficha. Kuna miezi nilishuka mjini kuuliza kazi kwenye hoteli nyingine, na mara moja nilikaribia kuipata. Wanaokuja sasa wengi ni watu wazima, au familia, au watu wanaotaka kuandika kitu kwa utulivu wasijali jogoo. Wengine mama huwakaribisha, wengine huwasalimia tu kwa mbali akaendelea na yake. Siwezi kutabiri atampenda nani. Mwaka jana aliwapikia makande watalii wawili ambao hawakujua neno la Kiswahili isipokuwa asante, na wiki iliyofuata akamnyima hata maji ya kunawa daktari mmoja aliyemwita "wewe mama".

Ramadhani iliyopita tuliifunga nyumba ya wageni, na mimi nikatumia nafasi ile kubadilisha bati la nyumba yake, maana lilikuwa linavuja. Ilimbidi ahame siku mbili. Nilimtandikia kwenye chumba cha wageni kinachotazama bonde. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulala humo tangu kijengwe. Alikagua bafu, akafungua maji ya moto akayafunga haraka, akauliza taa ya kitandani inazimwa vipi.

Baada ya daku, kulipopambazuka, nilimkuta barazani amejifunika shuka la wageni mabegani, anatazama mafundi wakipandisha bati.

"Umelalaje, mama?"

"Vizuri. Ila mito yako ni minene mno. Shingo inaniuma." Akageuka kunitazama. "Wageni hawajawahi kukwambia?"

"Hakuna hata mmoja."

"Wanakuonea haya," alisema.

Siku mafundi walipomaliza nilishuka mjini, nikazunguka maduka mawili matatu, nikanunua mito myembamba minne.