Mawaziri Wote, Mwananchi Mmoja

Enzi zetu, ninyi mliomaliza sekondari Lubumbashi kabla simu hazijaingia darasani, mnakumbuka somo la uraia lilivyokuwa. Saa ya mwisho, bati linachoma, tumbo linalilia bukari, ugali wetu, na Prof, mwalimu wetu, anatutajia mamlaka ya Bunge na Seneti kana kwamba yeye ndiye anayeyagawa. Alikuwa na chaki hadi kwenye nyusi, na tulimpenda sana.

Tulipofika sixième, mwaka wa mwisho wa sekondari, aliamua tusikariri tena. Darasa liwe nchi, liunde serikali, na serikali hiyo isimamie usafi, maji na chaki. Mimi malaria ilikuwa imenilaza nyumbani. Niliporudi, mdomo bado mchungu kwa kwinini, nchi ilikuwa imeshagawanywa.

Rais alikuwa Mukendi, mtoto wa wafanyabiashara, ambaye Kifaransa chake kilikuwa kimepigwa pasi kuliko shati lake. Hakutaka kumuudhi mtu. Kwa hiyo waziri wa chaki alikuwa na naibu, naibu akawa na mshauri, na kila dirisha likapata wizara yake. Kulikuwa hata na waziri wa uhusiano na darasa la jirani, ambako alikuwa na mpenzi.

"Na miye?" nikauliza.

Mukendi alinitazama kwa huruma ya kweli. "Poste zote ziliisha, dada. Weye utakuwa peuple."

Nikawa wananchi, peke yangu. Mawaziri hawafagii, basi nilifagia mimi, Waziri wa Kazi akiniangalia. Nilichota maji bombani, Waziri wa Maji akitangulia kunifungulia njia. Hata jina langu lilipotea, wakawa wananiita Peuple.

Mbaya zaidi, mama alisikia kuna serikali shuleni, akatangaza parokiani baada ya misa: "Mutoto yangu iko mu gouvernement!" Kila Jumapili kina mama wakanishika mkono kuniuliza wizara gani, nami nikakohoa hadi wakaondoka. Niliumia, jamani. Nilitaka cheo kimoja tu, hata unaibu wa dirisha.

Muhula ulipokaribia mwisho Prof aliingia, akafuta ubao polepole. "Gouvernement inaishiaka na confiance ya peuple," akasema, yaani serikali huishi kwa imani ya wananchi. "Kesho peuple atasema kama munabaki. Akikatala, points ya kila ministre ni zéro." Kisha akauliza peuple wako wapi. Vichwa vyote vikageuka nyuma, kwenye ufagio.

Siku ile nilinenepa. Kabla ya kengele nilishaletewa kalanga, vitumbua vya moto na chupa ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Mukendi alikuja mwenyewe. "Ukisema oui, nakupa ministère. Unachagua ile unapenda." Cheo nilichokililia kilikuwa mkononi! Nilirudi nyumbani nimeshiba na nimechanganyikiwa. Nikiwa waziri, mama atafurahi. Lakini nani atabaki kuwa wananchi?

Kesho yake nilisimama. Mukendi alitokwa jasho ndani ya tai ya baba yake.

"Peuple, unasema nini?" Prof akauliza.

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya Kifaransa, ikayeyuka yote. "Babakie baministre," nikasema. "Lakini bafagie."

Prof alicheka hadi akakaa chini. Wiki nzima mawaziri walifagia kwa zamu, na rais ikabidi aonyeshwe ufagio unashikwa wapi. Nyumbani nilimwambia mama ukweli wote. Akapiga makofi: "Kumbe ni weye unabaamuru!" Jumapili akatangaza upya.

Leo binti yangu yuko sixième. Mawaziri wa nchi anawajua wote kwa majina, na anawasema wote kwenye simu kabla ya kunywa chai. Ukimpa ufagio anakutajia haki za mtoto. Namcheka, ila namhurumia pia. Mimi nimepiga kura za wakubwa, nikapanga foleni juani, nikarudi na wino kidoleni. Lakini serikali nzima kunyamaza, kunitazama machoni na kuogopa nitakachosema, hilo limenipata mara moja tu maishani, nikiwa na sketi ya bluu na miguu ya vumbi.