Kioo cha Mzee wa Misikhu

Kioo cha mbele cha pikapu ya baba kilivunjwa Kiminini, ile Januari watu walipogeukiana baada ya kura. Juu yake, tangu gari liliponunuliwa, palikuwa na stika ya herufi nyeupe: NGAI NI MWEGA, Mungu ni mwema kwa Kikuyu. Aliyerusha jiwe alijua kusoma. Lilitua kwenye lile neno la kwanza.

Wauza vioo tuliowajua Kitale walikuwa watu wetu, nao walishahama. Mambo yalipotulia tulipakia viazi, baba akaendesha hadi Bungoma, kwa Wabukusu, bila kioo. Upepo ulitutoa machozi, nami nikaushukuru kwa kunipa kisingizio.

Fundi aliegemeza vioo viwili ukutani. Kimoja kilikuwa kipya, kitupu. Cha pili kilitolewa kwenye gari la mzee wa Misikhu lililogongwa nyuma, na juu bado palikuwa pameandikwa WELE KHAKABA, Mungu mgawaji kwa Kibukusu.

"Mzee, hii ni oliginal, bana," fundi akasema. "Hiyo mpya, jua ikiwaka utaona barabara mbili. Hii maandishi nakwangua na wembe saa hii."

"Wacha yakae," baba akasema.

Nilimvuta kando. "Baba, chukua hicho kitupu."

"Kikiwa kitupu wataniuliza natoka wapi. Hiki hawatauliza."

Nilikasirika. Mvuliwa nguo huchutama, najua, lakini nani anataka kumwona babake amechutama, tena mbele ya fundi? Fundi mwenyewe aliinamisha kichwa, akaingiza raba ya kioo polepole.

Ilikuwa siku ya soko Chwele, kwa hiyo tulipitia huko kuuza viazi. Hakuna aliyetukodolea macho. Mama mmoja mnunuzi alitusalimu, "Mulembe." Baba akajibu, "Mulembe." Yule mama akaendelea kwa Kibukusu, na baba akabaki kuchekacheka kama mtu aliyeingia harusi isiyo yake. Viazi viliisha mapema. Nilitamani vingetuozea.

Tulipofika nyumbani Kitale, mama alisimama mbele ya gari akasoma herufi mojamoja.

"Hii imesema nini?"

"Imesema Mungu," baba akajibu.

"Na yule wa kwetu? Alipasuka pamoja na kioo?"

Baba alizunguka nyuma ya gari, akaanza kukunja magunia matupu.